Dukani Anapata, Darasani Anakosa

Binti wa jirani yangu yuko darasa la nne. Jioni moja kwao luku ilikuwa imeisha, akaja na daftari lake la Hisabati, akaniamkia, akakaa kibarazani kwangu kufanya kazi ya nyumbani. Swali la tatu lilikuwa 5,000 − 1,800. Akalipanga kwa wima, akapiga mstari kwa rula, akaanzia kulia kama alivyofundishwa. Sifuri toa sifuri, sifuri. Sifuri toa sifuri, sifuri. Hapa akasita kidogo: sifuri toa nane haiwezekani. Basi akaigeuza, nane toa sifuri, nane. Tano toa moja, nne. Akaandika 4,800, akapiga mistari miwili chini yake, akahamia swali la nne.

Nikamuuliza, "Mama akikupa noti ya elfu tano, ukanunua vitu vya elfu moja na mia nane, Mangi wa dukani atakurudishia shilingi ngapi?"

"Elfu tatu na mia mbili, mjomba." Hata hakufikiri.

"Na hapo umeandika ngapi?"

Akatazama daftari, akanitazama mimi. "Hiyo ni ya dukani, mjomba. Hii ni hesabu ya shule."

Nimelitafakari jibu hilo kuliko ninavyozitafakari takwimu za Baraza la Mitihani kila matokeo yanapotoka. Na takwimu zenyewe zinatisha: kwa miaka mingi sasa, katika kila watahiniwa wanne wa Hisabati kidato cha nne, takriban watatu hushindwa, na ipo miaka ambayo hali huwa mbaya zaidi. Tumezoea kumtafuta mchawi hukohuko sekondari. Tunataja Kiingereza, upungufu wa walimu, simu. Mimi naona mchawi alishamaliza kazi yake miaka saba nyuma, siku mtoto alipokubali kwamba duniani kuna hesabu mbili, moja ya kweli na moja ya shule, na kwamba hii ya shule hailazimiki kuleta maana.

Jambo hili si letu peke yetu. Mwaka 1985 Terezinha Nunes na wenzake walichapisha utafiti walioufanya katika mji wa Recife, Brazil. Waliwaendea watoto watano waliokuwa wakiuza vitu mitaani, wakawauliza bei kama wateja wa kawaida: kumi hizi nitakulipa ngapi, nikikupa noti hii utanirudishia ngapi. Watoto wale walipata karibu maswali 98 katika kila 100. Baadaye watafiti wakawaketisha watoto haohao na karatasi na penseli, wakawapa hesabu za aina ileile. Zilipokuwa za mafumbo, walipata 74 katika 100. Zilipokuwa namba tupu, walipata 37. Mmoja wao aliulizwa nazi kumi ni bei gani, moja ikiwa 35. Shule ilikwisha kumfundisha kwamba kuzidisha kwa kumi ni kuongeza sifuri mwishoni. Yeye hakuongeza sifuri yoyote. Alisema tatu ni 105, na tatu nyingine ni 210, bado nne, akafika 315, kisha 350. Alijua kila hatua inatoka wapi.

Binti wa jirani naye, kwa hakika, hakutoa chochote dukani. Alijaza pengo. Kutoka 1,800 hadi 2,000 ni mia mbili, kutoka 2,000 hadi 5,000 ni elfu tatu. Hata Mangi mwenyewe hurudisha chenji hivyo: anakuwekea sarafu ya mia mbili juu ya kaunta, kisha noti moja moja, tatu, nne, tano. Shuleni kutoa kuna sura moja tu, kuondoa, na neno lenyewe linasaidia kuipotosha akili, maana kutoa kwa Kiswahili cha kila siku ni kukitoa kitu mahali. Lakini nikisema Asha ana mbuzi 12 na Juma ana 7, Asha amemzidi Juma mbuzi wangapi, hakuna mbuzi aliyetoka zizini. Ni kutoa bila kuondoa. Mtoto ambaye hajawahi kuoneshwa sura hii ya pili anabaki kuwinda maneno: akiona "baki" anatoa, akiona "zaidi" anajumlisha, akiona "kila mmoja" anagawanya. Mpe sasa swali hili: Asha ana mbuzi 12, naye ana mbuzi 5 zaidi ya Juma; Juma ana wangapi? Ameona "zaidi". Atakuandikia 17, Juma atajirike ghafla, na wala hatashtuka.

Kutoshtuka ndiko kunakonisumbua. Kukosea kila mtu anakosea.

Ukitaka kujua tulifikaje hapa, chukua neno moja ambalo Mtanzania aliyepita shule ya msingi hawezi kulisahau hata akizeeka: MAGAZIJUTO. Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Limekaririwa na vizazi, limebandikwa kwenye kuta za madarasa, na ukimwamsha mtu usiku wa manane atakutajia. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Ya kwetu yamejificha kwenye silabi mbili za mwisho za neno hili.

Daladala ina abiria 12. Kituo kinachofuata wanashuka 5, wanapanda 3. Konda ana abiria wangapi? Kumi, hata konda aliyeanza kazi leo asubuhi anajua. Sasa iandike: 12 − 5 + 3. Mtoto mtiifu wa MAGAZIJUTO anajumlisha kwanza, kwa sababu JU iko kabla ya TO. Tano na tatu ni nane. Kumi na mbili toa nane, nne. Amewashusha hata waliopanda.

Hapa naomba nichimbe kidogo, mniwie radhi msiopenda namba, kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo mimi mwenyewe nililigundua ukubwani. Nusu ya kwanza ya neno haina madhara. Chukua 12 × 6 ÷ 3. Ukigawanya kwanza, 6 kwa 3 ni 2, mara 12 ni 24. Ukianzia kushoto, 72 kwa 3, ni 24 ileile. Jaribu namba zozote, ukitanguliza kugawanya hutaumia. Kinachouma ni kutanguliza kujumlisha, kwa sababu alama ya kutoa inaishika ile namba iliyo mbele yake tu, na ukiiunganisha namba hiyo na jirani yake kabla ya wakati, umemkamata na asiyehusika. Laiti aliyetunga angetunga MAGAZITOJU, neno lingekuwa baya mdomoni lakini konda asingepoteza abiria: 12 toa 5 ni 7, jumlisha 3 ni 10. Walimu wazuri wanalijua tatizo hili na huongeza sharti kwamba kujumlisha na kutoa ni ndugu wa hadhi moja, uanzie kushoto. Sharti halimo ndani ya neno, na mtoto amebeba neno.

Sina ugomvi na kifupisho. Ugomvi wangu ni kwamba miaka yote niliyokaa darasani, hakuna aliyetupandisha kwenye daladala. Tulipewa utaratibu kama amri ya jeshi. Na amri ikikosewa na aliyeitunga, askari hana pa kuegemea.

Nije kwenye lugha, kwa sababu mjadala wetu wa lugha ya kufundishia umekuwa wa Kiswahili dhidi ya Kiingereza hadi tumesahau kukiangalia Kiswahili chenyewe kinavyohesabu. Kina zawadi na kina mitego. Zawadi ni kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu: jina limebeba maana, kumi ipo na ziada ipo. Mtoto wa Kiingereza hana bahati hiyo. Majina ya 11 na 12 kwake hayaonyeshi kumi popote. Kisha tunafika 20 na zawadi inakatika. Ishirini, thelathini, arobaini ni maneno tuliyoyapokea kutoka Kiarabu, na ndani yake hakuna kumi inayoonekana. Lugha nyingi za makabila yetu zinasema makumi mawili, makumi matatu. Sijui mwalimu anayemwambia mtoto wa darasa la kwanza kwamba thelathini ni jina la utani la makumi matatu anapoteza nini. Nimewasikia wachache wakifanya hivyo, na watoto hucheka, kisha wanaelewa.

Mitego ndiyo mingi. Mwambie mtoto aandike elfu tatu na arobaini. Wengi wataandika 300040. Tunaweka mkasi mwekundu na kusonga mbele, wakati mtoto ameandika kile alichosikia, neno kwa neno: elfu tatu, kisha arobaini. Amekosea kwa akili. Au mwambie aandike elfu ishirini na tano. Ni 25,000 au 20,005? Kwa Kiswahili chetu yote mawili ni halali, na ndiyo maana wengine hukimbilia kusema ishirini na tano elfu. Dalali akikwambia kiwanja kinauzwa "milioni mbili na ishirini" unajua anamaanisha nini kwa kumtazama usoni, daftari halina uso. Na kuna saa. Mshale mfupi uko kwenye 7, mtoto anaambiwa hii ni saa moja. Akiuliza kwa nini, anajibiwa ndivyo ilivyo. Jibu lipo na ni tamu: sisi tunahesabu tangu jua linapochomoza, na huku karibu na ikweta jua halitudanganyi sana mwaka mzima, saa iliyotengenezwa kwingine inahesabu tangu usiku wa manane na tangu adhuhuri. Tofauti ni sita. Ndani ya swali hilo moja kuna kujumlisha, kutoa na mzunguko wa 12, na mtoto ndiye aliyeuliza.

Kwa nini mwalimu hajibu? Watu husema walimu wetu wa msingi hawana elimu ya kutosha, wengi waliishia kidato cha nne na cheti cha miaka miwili. Nilikuwa mmoja wa wanaosema hivyo mpaka nilipokutana na kazi ya Liping Ma, aliyoichapisha mwaka 1999. Aliwalinganisha walimu wa shule za msingi 23 wa Marekani na 72 wa China. Aliwapa hesabu ya kugawanya moja na robo tatu kwa nusu, kisha akawaomba watunge hadithi inayoendana nayo. Wamarekani waliofikia jibu kamili walikuwa 9. Wachina wote 72 walipata. Kwenye hadithi, mmoja tu kati ya Wamarekani alitoa iliyobeba maana sahihi. Kwa Wachina walikuwa 65. Kinachoniamsha ni kwamba Wamarekani wale walikuwa wamemaliza chuo kikuu, na Wachina wengi walikuwa wamesoma hadi darasa la tisa na kuongeza miaka miwili au mitatu ya chuo cha ualimu. Kwa vyeti, Wachina wale wanafanana zaidi na walimu wetu wa Daraja A, hao wa cheti, kuliko na Wamarekani.

Jaribu mwenyewe kabla hujaendelea. Sisi wengi tuna kanuni mkononi: geuza ile ya pili kichwa chini miguu juu, kisha zidisha. Saba ya nne mara mbili, kumi na nne ya nne, tatu na nusu. Sasa hadithi. Wengi husema: nina kilo moja na robo tatu ya sukari, nimegawana na mdogo wangu nusu kwa nusu. Hapana, hiyo ni kugawanya kwa mbili, na ndiko walikoanguka Wamarekani wengi pia. Hadithi ni ya Mangi: ana kilo moja na robo tatu ya sukari, anafunga pakiti za nusu kilo, atapata pakiti ngapi? Tatu, na nusu ya pakiti inabaki. Mtoto anaona kwa macho kwa nini jibu limekuwa kubwa kuliko namba aliyoanza nayo, jambo ambalo kwenye karatasi linamtia wazimu, kwa sababu tangu darasa la pili ameambiwa kugawanya hupunguza.

Wachina wale walijua kwa sababu walikuwa na desturi ya kukaa pamoja, walimu wa somo moja, na kitabu cha kiada mezani, wakibishana kuhusu swali moja: watoto watakosea wapi hapa, na kwa nini. Sisi nasi tuna kikao cha namna hiyo. MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, inawakutanisha walimu kwenye jumuiya za kujifunza palepale shuleni. Vikao viwili nilivyobahatika kuhudhuria vilitumia muda kwenye andalio la somo: safu ziwe ngapi, umahiri uandikwe kwa kitenzi gani. Hakuna aliyetaja hesabu hata moja.

Lakini somo zuri nimeliona pia, na nitakaa hapo kidogo. Ilikuwa darasa la tano, shule ya serikali, mkondo mmoja wenye watoto 83, wakati sera inasema mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Mwalimu, mama aliyekaribia kustaafu, aliingia, akasalimiwa, akaandika ubaoni: 402 − 178 = 376. Akaweka chaki chini.

"Karatasi hii nimeiokota. Sisemi ni sahihi wala si sahihi. Nataka mniambie aliyeandika alikuwa anafikiri nini."

Kimya. Hawakuzoea swali hilo. Kisha kijana wa dirishani akasema, "Amegeuza, Mwalimu. Mbili toa nane imemshinda akafanya nane toa mbili." Ni kosa lilelile la kibarazani kwangu. Mwalimu akauliza kama hilo ni tatizo. Binti mmoja akasema mia moja sabini na nane ni karibu na mia mbili, na mia nne ukitoa mia mbili inabaki mia mbili, sasa hiyo mia tatu na sabini imetoka wapi? Mwingine alikuwa keshajumlisha jibu na 178 akapata 554, akasema halirudi nyumbani. Neno hilo, kurudi nyumbani, mwalimu akalidaka na kulitumia hadi mwisho.

Ndipo akasimama mtoto mdogo wa dawati la nyuma, akauliza swali ambalo naamini kila mmoja wetu alikuwa nalo akaliogopa. "Mwalimu, tunaambiwa tukope kwa jirani. Sasa jirani ni sifuri. Sifuri ni maskini, tunakopa nini?"

Darasa likaangua kicheko. Mama yule hakucheka. Akauliza, "402 ina makumi mangapi?" Wakasema sifuri, wakionyesha tarakimu ya katikati. Akauliza tena: "Nikikupa noti ya shilingi 10,000 na huna sarafu, nitasema huna hata shilingi mia moja?" Akawaacha. Dakika ikapita, ndefu. Halafu yule aliyesema halirudi nyumbani akasema polepole, "Makumi arobaini." Makumi arobaini, na mbili. Chukua kumi moja, makumi yanabaki thelathini na tisa, mamoja yanakuwa kumi na mawili. Kumi na mbili toa nane, nne. Thelathini na tisa toa kumi na saba, ishirini na mbili. 224. Hakuna aliyekopa kwa maskini.

Kipindi kiliisha. Dakika 40, hesabu moja. Hakukuwa na wimbo, makofi, kadi za rangi wala projekta, na sikuona mtoto aliyelala. Nasema hivi kwa sababu kuna imani imeenea kwamba kumshirikisha mtoto ni kumwimbisha, na kwamba hesabu ikikosa vizibo vya soda haifundishiki. Vizibo ni vizuri. Lakini nimeona watoto wa darasa la tano wakijumlisha 47 na 38 kwa kuchora vijiti 85 pembezoni mwa daftari, kimoja kimoja, na wakipotea njiani wanaanza upya. Hao walipewa vitu vya kuhesabia, hakuna aliyewaambia wavifunge kumi kumi. Fungu la njiti kumi lililofungwa raba lina maana ya makumi ndani yake. Lundo la njiti ni lundo.

Baada ya kipindi, mwalimu wa taaluma alipita akafungua daftari tatu nne. "Swali moja kipindi kizima?" Mama yule akaniangalia kwa jicho la pembeni. Mkaguzi akija, tunayemwita siku hizi mdhibiti ubora, naye atafungua daftari, na mzazi jioni atafungua daftari. Daftari lenye hesabu ishirini zilizonakiliwa ubaoni na vema ishirini linaonekana limefanya kazi. Fikra za yule mtoto wa dawati la nyuma hazimo kwenye karatasi yoyote. Mtaala unazungumzia umahiri tangu 2005, na ule mpya ulioanza Januari 2024 unauzungumzia kwa sauti kubwa zaidi, ila kalamu nyekundu haijabadilika. Ona hata maneno yetu: mtoto "amepata" au "amekosa", na kukosa ndiko kulekule kwa mkosaji aliyeletwa mbele ya wazee. Katika madarasa ambako kosa bado linalipwa kwa fimbo, nani atanyoosha mkono aseme sifuri ni maskini?

Naomba nisieleweke vibaya kwamba nachukia kukariri. Jedwali la kuzidisha likae kichwani. Mtoto anayetafuta 7 × 8 kwa vidole katikati ya hesabu ya sehemu atasahau alikuwa anafanya nini. Lakini hata jedwali linakaririka nusu kwa nusu ukiwa na maana. Mkalishe mbele ya bao: safu nne za mashimo manane. Mhamishe akae kwenye kichwa cha bao: sasa anaona safu nane za mashimo manne. Mashimo ni yaleyale 32. Amejifunza 4 × 8 na 8 × 4 kwa bei moja, na akitia kete mbili kila shimo, kama katika bao la kujifunza, atakwambia mwenyewe kwa nini kete ni 64.

Nimrudie binti wa jirani. Jioni ile sikumfundisha kukopa. Nilimwambia afanye hesabu ya shule kama ya dukani. Alifuta 4,800 akaandika 3,200, akafanya na nyingine tano zilizobaki, zote sahihi, haraka, akiongea peke yake kama anayehesabu chenji.

Kesho yake jioni akarudi na daftari. Kila jibu lilikuwa na vema. Pembeni ya lile la tatu, kwa kalamu nyekundu, kulikuwa na neno moja na alama ya kuuliza: Njia?

"Mjomba, niandike nini?"

Nikamwambia aandike alichofikiri. Akachora mstari wa mlalo, akaweka 1,800 mwanzoni, 2,000 mbele kidogo, 5,000 mwishoni. Juu ya pengo la kwanza akaandika 200, juu ya la pili 3,000. Akautazama. Kisha akauliza kama aupigie mistari miwili chini, au hii haina mistari.